Mtu wa Kushika Nafasi Yangu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakueleza kwa ufupi. Mimi ni mjane, mama wa binti mmoja wa miaka tisa, nina stashahada ya ualimu. Miezi saba iliyopita nilimwacha binti yangu kwa mdogo wangu, nikaja nchi ya watu kufundisha Kiingereza kwa mkataba wa miaka miwili. Kazi niliipata kupitia rafiki yangu wa chuo, tuliyekuwa tukimwita Chaki. Shule niliyoahidiwa niliikuta ni vyumba vinne juu ya duka la magodoro, na pasipoti yangu ilifungiwa kabatini siku ya kwanza.

Hayo nilishayalia. Tuliishia pale mdogo wangu alipopiga simu katikati ya kipindi, naye si mtu wa kupiga simu saa za kazi.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi.

“Dada, nimetoka hospitali. Mimba haijatulia. Daktari amesema nilale mpaka nijifungue.”

“Ulale vipi?”

“Kulala, dada. Kitandani. Niinuke kwenda chooni tu.”

“Miezi mingapi?”

“Minne.”

Nyuma yangu watoto ishirini wa miaka minne walikuwa wanaimba majina ya rangi bila mimi. Walikuwa wamekwama kwenye nyekundu, wanairudia tu.

“Na shemeji?”

“Yuko safari na lori, si unamjua. Dada, siwezi hata kumchana mtoto nywele. Jana kaenda shule na soksi mbili tofauti. Mwalimu wake akadhani ni mtindo.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikajua kuna jingine.

“Sema lililobaki.”

“Shangazi yake yuko hapa.”

Dada wa marehemu mume wangu ni mwanamke aliyenyooka kama rula. Hapigi kelele, hasengenyi, hasahau. Akapewa simu.

“Wifi.”

“Shikamoo, wifi.”

“Marahaba. Sitakaa sana. Mtoto wa kaka yangu halelewi kwa simu. Mama yake yuko ng'ambo, mama yake mdogo yuko kitandani. Shule zikifungwa nakuja kumchukua.”

“Wifi, nipe muda nipange mambo.”

“Nakupa. Kutoka leo mpaka shule zifunguliwe tena ni wiki saba. Ukisimama mlangoni kwangu kabla ya hapo, unamchukua mwanao na mimi nawasindikiza mpaka barabarani. Zikifunguliwa hujaja, namwandikisha shule ya huku kwetu, na hapo ndipo kwao mpaka amalize. Sitaki mtoto wa kuhamishwa hamishwa kama kiti cha kukodi.”

“Huko ni siku mbili kwa basi.”

“Ndiko huko huko ulikoolewa. Hukulalamika njia.”

Sikuweza kumkasirikia. Ningekuwa yeye ningesema hayo hayo, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Basi nikapiga hesabu ya mama. Wiki saba. Mkataba wangu, kifungu cha tisa, ulisema mwalimu anaweza kuacha kazi kwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja “baada ya kukamilisha utaratibu wa kituo”. Mwezi ni wiki nne. Zinabaki tatu za kusafiri. Zinatosha, na nyingine ya kumsuka mtoto.

Niliandika barua mchana ule ule nikaipeleka kwa meneja. Sisi walimu tulimwita Madamu Ratiba, kwa sababu ukimsalimia anatazama kwanza saa ya ukutani. Akaisoma barua mara moja, akaiweka kwenye trei.

“Sawa,” akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. “Na mwenzako?”

“Mwenzangu yupi?”

“Wa kushika nafasi yako.”

“Hilo si kazi yenu?”

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza mwezi huwa unalala wapi.

“Soma mkataba wako. Ukurasa wa nyuma.”

Hapa, msomaji, ndipo ninapotubu.

Mkataba ule ulichapwa pande mbili. Mbele Kiingereza, nyuma lugha ya wenyeji. Siku ya kusaini nilisoma mbele yote, kurasa sita, nikiwa na kalamu mkononi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nilisoma kama mtu anayesahihisha insha. Kila kifungu nilichokielewa nilikitia alama ya vema pembeni, na mwisho nilivitia vyote.

Hata kifungu cha mwisho nilikitia vema. Kilisema, kwa Kiingereza cheupe, kwamba kurasa mbili zikitofautiana, ufuatwe ukurasa wa nyuma.

Nilikisoma. Nilikielewa. Nikakipa vema, nikageuza.

Kwa hiyo siwezi kusema niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia nilifunguliwa, nikachungulia, nikasema mbuzi mzuri huyu.

Sasa nani wa kunisomea nyuma? Walimu wenzangu wote wageni kama mimi. Lugha ya wenyeji tuliijua ya dukani tu: hii kiasi gani, punguza, asante.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na darasa la watu wazima. Walikuwa watatu. Nesi wa meno, fundi wa lifti, na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa karani wa mahakama, na ambaye hakukubali kuitwa jina lingine lolote ila Karani. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni.

Nikatoa nakala tatu za mkataba wangu.

“Leo tunafanya ufahamu,” nikasema. “Someni ukurasa wa nyuma kwa lugha yenu, kisha mniambie kwa Kiingereza umesema nini. Kifungu cha tisa.”

Karani akavaa miwani. Nesi akaanza kutabasamu, kisha akaacha.

“Mwalimu,” akasema fundi, “hiki ni kitabu kipya?”

“Ni cha zamani. Soma.”

Walinong'onezana kwa lugha yao, kisha Karani akasimama kama yuko mbele ya hakimu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu siku zote, lakini siku ile kila neno lilifika.

“Mwalimu anaweza kuondoka. Mwezi mmoja. Lakini kwanza alete mwalimu mwingine. Mwanamke. Cheti sawa na chake. Huyo mwingine asaini miaka miwili mipya na afike hapa. Akifika, wa kwanza anapewa barua ya kuachiwa na pasipoti yake.” Akashusha karatasi. “Asipofika mtu, mwalimu anabaki. Kituo hakitafuti. Anatafuta yeye.”

“Mbele hakuna hayo,” nikasema.

“Mbele kuna utaratibu. Nyuma ndio utaratibu wenyewe.”

“Na kifungu cha mwisho?” akauliza nesi, japokuwa alikuwa ameshakiona.

Fundi wa lifti akawa anakunja pembe ya karatasi yake, anaikunjua.

“Karani, umekaa mahakamani miaka thelathini. Mtu akija na karatasi kama hii, mnamsaidiaje?”

Akaigeuza ile karatasi, akanyoosha kidole kwenye saini yangu mbele, akaigeuza tena, akanyoosha kidole kwenye saini yangu nyuma. Sahihi zote mbili zilikuwa nzuri. Nina mwandiko mzuri.

“Tunampa kiti,” akasema. “Akae kwanza.”

Walipoondoka waliacha nakala mezani, wamezipanga vizuri, kila moja ukurasa wa mbele juu. Nadhani walitaka kunistahi.

Jumatatu nilirudi kwa Madamu Ratiba. Nilikuwa nimeandaa maneno. Mtoto, mimba ya mdogo wangu, ubinadamu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo namsifu. Kisha akainuka, akafungua lile kabati la pasipoti, akaufungua mlango wake wote ili nione upande wa ndani.

Palibandikwa karatasi ndefu. Majina ya walimu wa nafasi yangu, moja chini ya jingine, na kati ya kila jina na linalofuata mshale mdogo umechorwa kwa rula. Yalikuwa majina tisa. La nane lilikuwa la Chaki. Mshale. La tisa langu. Mshale. Kisha nafasi tupu.

“Kila mtu huja akilia,” Madamu akasema. “Na kila mtu huleta mtu. Miaka kumi na minne, hakuna darasa lililokosa mwalimu.”

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mpishi anayesema chungu chake hakijawahi kuungua.

“Huyu wa nane,” nikasema. “Alitumia njia hii?”

“Alikutumia wewe.”

Nilishuka ngazi nikapita dukani kati ya magodoro, nikakaa kwenye moja bila kuuliza bei. Muuzaji akanitazama, akaniacha.

Nikampigia Chaki.

Lazima nikwambie kuhusu Chaki. Chuoni tulilala kitanda cha juu na chini. Mimi nilikuwa chini. Nilipofiwa na mume wangu alikuja akanipikia wiki mbili bila kuulizwa. Aliponiandikia mwaka jana kwamba kuna nafasi nzuri, watoto wana adabu, nyumba iko karibu na kazi, wahi kabla haijachukuliwa, niliwahi.

“Shoga yangu,” akaitika. “Za siku?”

“Nimeona mlango wa kabati.”

Nilisikia anamwambia mtu huko aliko, ngoja kidogo, kisha mlango ukafungwa.

“Umeona lini?”

“Hilo ndilo unaloniuliza?”

“Sijui niulize nini.”

“Uliniuza, Chaki.”

“Nilikutumia.”

“Tofauti yake nini?”

“Anayeuza huwa halali usingizi kwa furaha. Mimi sikulala kwa mengine.” Akavuta pumzi. “Mama alikuwa anakufa. Nilipigiwa simu kama ulivyopigiwa wewe, najua umepigiwa, maana hakuna anayefika kwenye kabati lile bila kupigiwa simu. Nikatafuta kwenye simu yangu mtu mwenye cheti kama changu. Nilianza na wengine wawili. Walikuwa na waume, wakakataa. Ukabaki wewe.”

“Kwa sababu sina mume.”

“Kwa sababu huna mume. Ndiyo.”

“Ungeniambia.”

“Ungekuja?”

Nikaminya pembe ya godoro.

“Nilimkuta mama anaongea,” Chaki akasema. “Siku nne. Nilimwosha mwenyewe, nikamvalisha mwenyewe. Siku ya nne nikamfumba macho mwenyewe. Sitakudanganya eti najuta. Najuta juu yako. Juu ya zile siku nne sijuti.”

“Nina mtoto, Chaki. Ulimbeba mgongoni.”

“Nilijua una mdogo wako wa kumlea. Nilijiambia hivyo. Unajua mtu anavyojiambia.”

“Sijui.”

“Utajua,” akasema, wala hakulisema kwa ubaya. “Una watu wangapi kwenye simu wenye stashahada?”

Nikakata.

Matusi niliyomtukana baada ya kukata sitayaandika, gazeti hili linasomwa na watoto. Yalinichukua siku mbili. Siku ya tatu nikafungua simu nikaanza kutafuta.

Niwe mkweli, kwa kuwa nilishaanza. Sikutafuta huku nikilia. Nilitafuta kama ninavyotafuta viatu vya mtoto sokoni: huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu ana kasoro. Wa kwanza ana mume mkorofi. Wa pili ana mapacha. Wa tatu ameacha ualimu, anashona. Wa nne mama yake kapooza, anamlisha kwa kijiko.

Wa tano alikuwa Kamba.

Kamba alikuja shuleni kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha, nikakabidhiwa mimi kumlea. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwoga wa darasa. Siku ya kwanza alisahau hata jina lake mbele ya watoto. Nilisimama nyuma ya darasa nikamfanyia ishara aandike tarehe ubaoni, maana mwalimu akiandika tarehe watoto humwamini. Akaiandika. Tangu siku hiyo akawa ananiita Mwalimu tu, kama vile dunia nzima ina mmoja.

Alimaliza na cheti kama changu. Hajapata ajira. Na, hili ndilo lililonifanya nisimamishe kidole: hana mtoto, hana mume, hana mgonjwa. Nikajiambia, miaka miwili kwa msichana asiye na mtu ni nini? Atajifunza dunia. Atarudi na uzoefu.

Ona nilivyokuwa mwepesi. Chaki alisema utajua, na wiki ilikuwa haijaisha.

Nilimwandikia Jumapili mchana, nimekaa kwenye kitanda changu katika chumba tunacholala watatu, wenzangu wamekwenda kufua. Nikaandika: Kamba mwanangu, kuna nafasi nzuri huku. Nikaifuta “nzuri”. Nikairudisha. Watoto wana adabu, nikaandika, na ni kweli wana adabu. Nyumba iko karibu na kazi, na ni kweli, iko ngazi ishirini na sita. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Nilishangaa jinsi ukweli ulivyo mwingi ukiuchagua vizuri.

Nikatuma, na picha za mkataba. Mbele na nyuma. Ndiyo, na nyuma. Nilijisifu kwa hilo dakika nzima, mpaka nikakumbuka kwamba na mimi nilipewa nyuma.

Jibu lilirudi kabla wenzangu hawajamaliza kuanika.

“Mwalimu! Sijui nikushukuruje. Nimelia, mama naye kalia. Mwalimu, kuna jambo sikukwambia kwa aibu. Nina mtoto, wa kike, ana miezi minane. Baba yake alishasema si wake. Lakini mama amesema nenda, atabaki naye. Miaka miwili si mingi, eti? Nikirudi atakuwa anaongea.”

Na picha. Mtoto kakaa kwenye beseni, katapakaa povu, anamtazama anayepiga picha kwa hasira ya watoto wasiotaka kuogeshwa.

Nilikuwa bado naitazama alipoandika tena.

“Mkataba ni mrefu, Mwalimu, na nyuma sijui ni lugha gani. Wewe umeusoma? Ukiniambia uko sawa nasaini kesho, sina haja ya kuusoma. Nani mwingine nimwamini?”

Nikaiweka simu kifudifudi kitandani.

Ikatetemeka. Nikafikiri ni yeye. Nikaigeuza ili nimwambie asubiri.

Ilikuwa sauti ya binti yangu, amerekodi kwa simu ya mdogo wangu. Anaongea karibu sana na simu kama kawaida yake, mpaka unasikia pumzi.

“Mama, shule zimefungwa juzi. Shangazi amefika. Mama mdogo anasema nisimsumbue kulia. Sijalia. Shangazi amesema begi ni dogo, nichague nguo tano tu. Nichague zipi?”

Nilihesabu kwenye vidole. Wiki tano zimebaki mpaka shule zifunguliwe. Kamba akisaini kesho, mwaliko na safari yake ya kuja huku huchukua wiki nne, mwezi wangu wa taarifa ukiishia humo humo, na njia yangu ya kurudi siku tatu. Mambo yangu yasipochelewa popote, nitasimama mlangoni kwa wifi nikiwa na siku tatu mkononi. Asiposaini kesho, sina siku hata moja, na hakuna wa sita kwenye simu yangu.

Nikamjibu mwanangu kwanza. Nikarekodi mara tatu, maana mara mbili za mwanzo sauti yangu haikufaa kusikilizwa na mtoto.

“Chukua gauni la njano, na lile la mifuko. Chukua sweta, kwa shangazi asubuhi kuna baridi. Chukua sare ya shule, usiiache. Ya tano chagua mwenyewe, unayoipenda.”

Sare nilimwambia achukue kwa sababu ni ya shule yake ya sasa. Mtoto anayebeba sare ya shule ni mtoto anayerudi. Natumaini hakuniuliza maswali kichwani mwake.

Kisha nikarudi kwa Kamba. Juu ya maneno yake iliandikwa kwamba bado yuko hapo, anasubiri. Yule mtoto wa kwenye beseni alikuwa bado ananitazama kwa hasira.

Nikaandika: “Nimeusoma.”

Nikatuma. Haikuwa uongo. Nimeusoma mbele, nimesomewa nyuma, na kifungu cha mwisho nakijua kwa moyo.

Ilibaki sentensi moja tu ya kufuatia hapo, uko sawa au hauko sawa, na Kamba alikuwa anaisubiri, na kalamu nadhani alikuwa ameshaishika.